Kahawa Haitaki Haraka: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

      

Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Wakati tunaanza mwaka 2015 tukiwa akina mama 24 chini ya mwembe wa shule, wapo waliosema hatutafika hata Krismasi. Krismasi kumi zimepita na sanduku bado lina kufuli zake tatu. Tupige makofi kidogo jamani.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Kamati iliniambia nizungumzie mafanikio ya kikundi. Katibu na Mweka Hazina wamekwisha kusoma taarifa zao, za hisa, mikopo na mfuko wa jamii, sitazirudia. Mimi nimeomba nizungumze jambo moja tu, nalo ni kahawa. Wengine watauliza, kikundi cha kuweka na kukopa kina uhusiano gani na kahawa? Naomba mnisikilize hadi mwisho, maana nasema hivi: bila sanduku letu, kahawa yetu isingepata thamani iliyo nayo leo. Na bila kahawa, sanduku letu lingekuwa jepesi.

Sisi wa mlimani Kilimanjaro tumezaliwa tukaikuta kahawa. Wamisionari waliipanda kule Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wazee wetu wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Kahawa imejenga shule, imesomesha watoto wa mlima huu, imeezeka nyumba bati. Hayo hatuyakatai, tunayajivunia.

Lakini wazee wangu mtanisamehe. Kwenye kihamba, kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi na maziwa ndiyo ya mama. Mama alipalilia kahawa, akaichuma, akaibeba kichwani, akaimenya usiku, akaianika. Siku ya malipo baba alivaa koti. Sisemi hivi kwa ubaya. Wapo akina baba waliorudi na fedha yote mezani, nao wapo waliopitia kwenye mbege kwanza. Sote tunajua.

Halafu bei ilipoanguka, hasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu walikata tamaa. Mibuni mingine iling'olewa ikapandwa nyanya na migomba. Mashine za mkono za kumenya walizoacha babu zetu zikashika kutu. Wengi wetu tukawa tunachuma nyekundu na kijani pamoja, tunaianika ikiwa nzima juu ya turubai au hata chini uwanjani, kuku wanapita, na akija mtu wa mizani usiku tunamwuzia bei anayoitaka yeye. Shida ya nyumbani haingoji. Mtoto amerudishwa shule, utafanyaje?

Ndugu Wanachama,
Mwaka 2017 tulikaa na Katibu tukalisoma daftari la mikopo tangu tulipoanza. Tukaona kitu. Mikopo mingi ilichukuliwa Januari kwa ajili ya ada, na Juni na Julai kabla kahawa haijaanza kuiva vizuri. Na marejesho yote yalitoka kwenye ndizi, maziwa na mbege. Hata mama mmoja hakuandika kwamba amerejesha kwa fedha ya kahawa. Tulijiuliza: sisi tunaofanya kazi ya kahawa kuliko kazi nyingine yoyote, mbona haimo kwenye daftari letu?

Ndipo likaja wazo la kununua mashine ya kumenya, ya kikundi. Fedha haikuwepo ila ile ya gawio la mwisho wa mwaka. Mnakumbuka kikao kile kilichoisha saa mbili usiku. Wengine walisema Krismasi bila gawio watoto watavaa nini. Tulipiga kura, wakashinda waliotaka mashine. Desemba ile hatukugawana hata senti moja. Wageni walishuka kutoka Dar es Salaam na zawadi, sisi tulikuwa na chuma kimefunikwa gunia.

Sasa nakuja kwenye habari ambayo ingefaa niifiche, lakini kitabu hiki watasoma watoto wetu, nao wanatakiwa kujua ukweli.

Msimu wa 2018 tulianza kwa furaha. Tulimenya, tukaiweka kahawa kwenye tangi ili utelezi uachie. Siku ile ile kukatokea msiba kwa jirani. Tukaenda wote, kama ilivyo desturi. Funguo ya kibanda nilikuwa nayo mimi. Nilijisemea, haina neno, kahawa itasubiri. Siku ya nne nilipofungua, harufu ilinitangulia mlangoni. Kahawa ilikuwa imevunda kupita kiasi, inanuka kama siki iliyooza. Tuliiosha mara tatu, tukaianika, na mvua ikaikuta nje mara mbili. Tulipopeleka, ikawekwa daraja la chini kabisa. Malipo hayakufikia hata thamani ya kahawa mbivu ambayo tungeuza siku ya kuchuma.

Kosa lile lilikuwa langu. Mimi ndiye mwenyekiti na mimi ndiye niliyeshika funguo. Wanachama watatu walidai hisa zao wakaondoka, wakisema tumewakosesha Krismasi kwa ajili ya uvundo. Sikuwa na jibu. Niliwaomba wanachama nijiuzulu, wakakataa. Basi nikakata isale nyuma ya nyumba, nikaenda kwa kila mmoja wa wale watatu kuomba radhi. Wanaojua mila zetu wanajua isale halirudishwi. Wawili walirejea kikundini mwaka uliofuata. Wa tatu hakurejea uanachama, ila alinisamehe, na leo yuko pale nyuma amekaa na wajukuu. Karibu sana mama, chakula kipo.

Baada ya hapo ndipo tulipoenda kwa Bibi Shamba tukasema, tufundishe tangu mwanzo kama watoto wa darasa la kwanza. Akatuambia neno ambalo mimi nalishika mpaka leo: kahawa haitaki haraka, na haitaki kusahauliwa. Nitayaeleza aliyotufundisha kwa kifupi, kwa faida ya wanaoanza.

Kuchuma. Chuma nyekundu tu. Ya kijani iache, urudi baada ya siku kumi au wiki mbili. Ndiyo, ni kazi kurudia mti ule ule mara nne au tano, lakini kahawa changa haina utamu, na mashine haiimenyi vizuri.

Kuchambua. Kabla ya kumenya, itie kwenye maji. Zinazoelea ziondoe uzianike peke yake, hizo ni pungufu au zimeliwa na wadudu.

Kumenya. Imenywe siku ile ile iliyochumwa, isilale. Na mashine irekebishwe kwanza. Ikibana sana inakata punje, ikilegea inaacha maganda. Punje iliyokatwa imeshapoteza bei.

Kuvundika. Hapa ndipo tulipoanguka. Kwetu huku kwenye baridi huchukua siku moja na nusu, pengine mbili, kutegemea hali ya hewa. Usihesabu kwa saa tu, tia mkono. Ukisugua kahawa kiganjani ukasikia inakwaruza kama changarawe wala haitelezi, iko tayari, ioshe mara moja kwa maji safi.

Kuanika. Kichanja chenye wavu, si chini. Kahawa hunyonya harufu ya udongo na ya kitu chochote kilicho karibu. Igeuze mara kwa mara, ifunike jua la mchana likiwa kali siku za kwanza, ifunike usiku na mvua ikija. Inachukua kama wiki mbili. Lengo ni unyevu wa asilimia 11 hadi 12. Sisi hatuna kipimo, tunang'ata: punje ikibonyea chini ya jino, bado.

Hiyo ndiyo kahawa kavu ninayoisema katika hotuba hii, yaani iliyomenywa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikabaki na lile ganda lake jembamba. Ikitoka kwetu inakwenda kukobolewa kiwandani, inapangwa madaraja, inaonjwa, ndipo inaingia mnadani.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Watu hutuuliza, je, kuna faida kweli? Hapa naomba tuwe makini, maana wengi hudanganyika kwenye hesabu. Mtu anaona kilo ya kahawa mbivu ina bei ndogo, kilo ya kahawa kavu ina bei kubwa mara tano au sita, anaruka juu kwa furaha. Mama, kilo hazifanani! Kahawa mbivu kilo tano hadi sita ndizo zinazotoa kilo moja ya kahawa kavu.

Nitoe mfano. Bei ninazotaja ni za mfano tu, msije mkanidai. Tuseme kahawa mbivu ni shilingi 1,000 kwa kilo. Una kilo 60, ungeuza ungepata 60,000. Sasa mama wa kwanza amechanganya nyekundu na kijani na zinazoelea. Anapata kilo 11 za kahawa kavu, na kwa kuwa si nzuri anauza 5,500 kwa kilo. Jumla 60,500. Amehangaika wiki mbili kwa shilingi 500! Tena hajatoa ada ya mashine.

Mama wa pili amechuma nyekundu tu, akaivundika vizuri, akaianika juu ya kichanja. Anapata kilo 12, anauza 6,500. Jumla ni 78,000. Zaidi ya ile ya kuuza mbivu ni 18,000. Toa ada ya mashine ya kikundi, tuseme 3,000, inabaki 15,000 ya jasho lake. Mashine ni ile ile, mti ni ule ule, mvua ni ile ile. Kwa hiyo chuma kile hakileti faida chenyewe. Faida inaletwa na mikono na uangalifu.

Tena kuna jambo la pili. Maganda mekundu yalikuwa yakitupwa. Sasa tunayaozesha shimoni, yanarudi shambani kuwa mbolea. Hapo pia tulikosea mwanzoni. Maji machafu ya kuoshea tuliyaacha yaingie mferejini, majirani wa bondeni wakaja juu, nao walikuwa na haki. Tumechimba shimo la kuyapokea mbali na mfereji. Faida yako isiwe sumu ya mwenzako.

Sasa nirudi kwenye sanduku, maana ndiko nilikoanzia. Kila hatua niliyotaja inataka kungoja. Ngoja iive. Ngoja ivundike. Ngoja ikauke. Ukiipeleka chama cha msingi unapata malipo ya awali, na malipo ya pili unangoja mpaka mnada uishe. Mwenye njaa hawezi kungoja. Huko Kagera wana neno butura, kuuza kahawa ikiwa bado mtini, hata ikiwa maua. Hapa kwetu jina hilo hatuna lakini tabia tunayo. Mtu anayeuza hivyo si mjinga, ana shida leo na kahawa yake ni ya kesho.

Hapo ndipo sanduku linapofanya kazi yake. Tangu mwaka 2019 tulikubaliana kuwa na mkopo wa msimu. Mwanachama mwenye kahawa kwenye kichanja cha kikundi anaweza kukopa kabla haijauzwa, kwa kiasi ambacho kamati inaona kahawa yake inakitosha, na riba yake ni nusu ya ile ya kawaida. Ada inalipwa, mtoto anarudi shule, na kahawa inakauka kwa utaratibu wake. Akina mama, akiba yetu ndiyo inayotununulia subira. Huo ndio uchumi ninaoujua mimi niliyeishia darasa la saba.

Daftari sasa linasema nini? Msimu uliopita tulipokea kahawa mbivu kilo 1,840, zikatoka kilo 352 za kahawa kavu. Akina mama 19 kati ya 31 wameandika marejesho yaliyotoka kwenye kahawa. Mwaka 2017 hakuwepo hata mmoja. Hiyo kwangu mimi ni sherehe tosha.

Ndugu zangu akina baba,
Nawashukuru, na nina ombi. Nawashukuru wale ambao mmewakatia wake zenu mistari kadhaa ya mibuni, mkasema hii ni ya mama, na wale mliokubali mama naye aandikishwe chama cha msingi kwa jina lake. Haikuwa rahisi, najua mlitaniwa kilabuni. Ombi langu ni kwa waliobaki. Kama jina la kwenye daftari la chama ni la baba peke yake, basi angalau siku ya malipo mhesabu pamoja mezani. Mke akijua kwamba fedha ya kahawa nzuri ataiona, ataichuma nyekundu. Akijua hataiona, kwa nini arudi kwenye mti mara tano? Ubora wa kahawa huanzia kwenye haki ya nyumbani. Nimesema, na mwenye kununa anune.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Vijana wetu wamekuwa wakituuliza, kwa nini tusikaange wenyewe, tusage, tutie kwenye pakiti, tuuze kwa watalii? Swali zuri. Wenzetu wa Materuni na Marangu wanapokea wageni, wanawaonyesha kahawa ikikaangwa na kutwangwa kinuni, wanapata riziki. Na sisi tulijaribu mwaka 2021. Tulikaanga kilo 20 kwa mkupuo. Ikikaangwa uzito unapungua, karibu sehemu moja katika kila sita inapotea. Hilo tulilivumilia. Lililotushinda ni kwamba wanunuzi walikuwa wachache mwaka ule, na kahawa iliyokaangwa haikai. Kahawa kavu ukiitunza pakavu inakungoja miezi. Ikishasagwa, wiki chache tu harufu imekwenda. Tuliigawana tukanywa wenyewe. Ilikuwa tamu, lakini ilikuwa tamu ya hasara.

Hatujaacha. Sasa tunakaanga kidogo, kwa oda tu, na tunajiandaa kufuata taratibu za alama ya ubora ya TBS kabla ya kupeleka dukani. Lakini nawaomba vijana msidharau hatua ya kwanza kwa kukimbilia ya mwisho. Ukikaanga kahawa mbaya unapata pakiti nzuri yenye kahawa mbaya ndani. Na jamani tujifunze kuinywa. Tunalima kahawa, halafu mgeni akija tunamwekea majani ya chai!

Mipango yetu ya mbele ni mitatu. Kwanza, kuongeza vichanja vinne, maana wakati wa kahawa nyingi tunapanga foleni. Pili, kuondoa mibuni iliyozeeka na kupanda miche chotara ya TaCRI kutoka Lyamungo, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, ili tupunguze gharama ya dawa. Tatu, kufundisha mabinti wawili kutunza mashine na daftari, kwa sababu mimi na Mweka Hazina macho yetu yameanza kuomba miwani. Na funguo ya kibanda, kama mnavyojua, sasa wanakaa nayo watu wawili, na kwenye msiba mmoja hubaki.

Mheshimiwa Diwani, hatukuombi utununulie mashine, tunayo. Tunakuomba barabara ya kushuka kituoni, pale penye utelezi, itengenezwe kabla ya mvua za vuli. Kahawa iliyokauka wiki mbili ikiloa njiani siku moja, kazi yote imeharibika, na wewe umesikia leo tumeipataje.

Nimalize kwa kuwashukuru waume zetu, wakwe zetu, Bibi Shamba asiyechoka, na wale 24 wa chini ya mwembe. Wanne kati yao wametangulia mbele ya haki. Mungu awalaze mahali pema. Waliacha gawio la Krismasi moja ili sisi tupate hizi nyingine, na mashine ile bado inazunguka.

Akiba yetu, subira yetu! Kahawa yetu, kazi ya mikono yetu!

 Sasa tunywe kahawa, ipo kwenye birika zile kubwa, ni ya kwetu.